Uzi wa Miwani ya Bibi

Niliwahi kuifukiza udi miwani ya bibi yangu. Sikukusudia. Nilitumwa kufukiza nguo za harusi, nikalibeba rundo la kanga kutoka kitandani kwake, nikalitandaza juu ya kikapu, chini yake chetezo kikitoa moshi, nami nikakaa pembeni nikijiona mwanamke mtu mzima. Mara harufu ya udi ikachanganyika na ya plastiki inayoungua. Mpaka leo nikiingia kwenye nyumba ya watu kumewashwa udi, pua yangu hutafuta kwanza ile harufu ya pili.

"Wee mwana, unapika nini humo?" Bibi aliuliza kutoka ukumbini. Vioo vilipona, alhamdulillahi. Mkono mmoja tu wa miwani ulilainika ukapinda kama mkia wa paka. Bibi naye alikuwa akiiacha miwani popote alipoivua: kwenye mikunjo ya kanga, juu ya mtungi, mara moja ndani ya pakacha la muhogo. Na msimu ule hakuwa na nafasi ya kupoteza kitu. Alikuwa akimshonea ami yangu, kitindamimba wake, kofia ya harusi, ile ya mkono yenye vitundu vidogo vidogo, na bila miwani hata sindano haioni. Shangazi zangu wakaanza kunong'ona kwamba ikanunuliwe ya mashine Darajani. Bibi akasikia. "Mwanangu wa mwisho avae kofia ya mashine, na mimi nnapumua?" Nami nikaingiwa na hofu: kofia isipokwisha, lawama ni yangu.

Nikajipa kazi ya kutengeneza uzi wa kuitundika miwani shingoni. Uzi mtupu niliuona hauna haiba, nikautungia asumini mbichi. Bibi akanukia mpaka wageni wakamsifu. Kesho yake maua yamekuwa ya kahawia na sisimizi wanapanda kuelekea sikioni. "Umenitengenezea uzi au umewatengenezea sisimizi njia?" Nikaanza upya, nikasuka nyuzi za kofia na kutia shanga; ukawa mrefu mno, miwani ikazama kwenye mchuzi wa pweza. Nikaukata, nikaupima juu ya mtandio wake, nikatia kitanzi kila upande, na ushanga wa buluu unaoteleza kukibana kitanzi kisichomoke. Huo ukakaa. Bibi akavua miwani, ikaning'inia kifuani. Akaipapasa, akaguna, akairudisha machoni na kuendelea na vitundu vyake. Ami akaenda kuoa na kofia ya mama yake kichwani, na mimi ndipo nikashusha pumzi.

Siku hizi watu hununua miwani mbili tatu, moja ikipotea huchukuliwa nyingine. Mimi ninayo moja, na uzi nimeusuka mwenyewe, ila shanga zimezidi kwa sababu hakuna wa kunikataza. Wakati ule bwana harusi alikuwa akingojea mikono ya watu wawili, wa Bibi na wangu. Sasa kinachoningoja ni mchele wa kuchambua, na wallahi nashukuru, maana hofu ile ilikuwa kubwa kuliko umri wangu. Juzi nilimwonyesha uzi wangu Bi Zuwena, jirani yangu hapa Mpendae, nikitaraji sifa. Akaugeuza geuza, akanitazama nilivyokaa mkekani palepale aliponiacha jana, akasema: "Uzi mzuri, shoga, lakini wewe kutoka hutoki; hiyo miwani ingepotelea wapi?"