Mkanda wa Kiti Kitupu

Najua utacheka. Hata mume wangu alicheka, mpaka nilipompeleka kwa mama mmoja nitakayekutajia akasikia kwa masikio yake mwenyewe. Lakini haya yalinipata mimi, nikiwa macho, sina homa, na nyuma yangu nimebeba keki ya harusi ya watu. Usiponiamini, hapana neno. Nisikilize tu mpaka mwisho, kwa sababu huenda wewe ndiye unayehitaji kusikia kuliko mimi ninavyohitaji kusimulia.

Mimi huoka keki. Hapa mtaani Amalemba wananiita Mama Keki, hata wale ambao hawajawahi kununua kwangu hata ndogo. Na keki ya harusi ina adui mmoja mkubwa, naye ni gari linalotetemeka. Nimewahi kutoka nyumbani na keki ya ghorofa tatu nikafika Khayega na ghorofa moja na nusu, bibi harusi akalia machozi ya kweli. Kwa hiyo mwimbaji mwenzangu wa kwaya, mwenye yadi ya kuuza magari kando ya barabara kuu, aliponiambia amepata gari la umeme, nilikwenda siku hiyo hiyo.

"Mama Keki, hii gari inatembeanga kama inateleza," akaniambia. "Haina injini, sasa nini itaharibika? Imetoka Japani juzi. Hakuna Mkenya ameikalia."

Jina lake naliacha. Huyu mtu keki ya harusi yake niliioka mimi, na Jumapili husimama nyuma yangu akiimba sauti ya nne. Ningemshuku vipi? Gari lilikuwa jeupe, linanukia rangi mpya, na kweli lilikuwa kimya. Kimya hadi majirani wakaanza kuliita gari la majini, kwa utani, maana unageuka tu unalikuta mgongoni mwako.

Sasa sikiliza. Lilikuwa na tabia moja. Nikiliwasha nikiwa peke yangu, linalia ti, ti, ti, na kwenye kioo kilicho mbele ya usukani kinawaka kile kitaa chekundu cha kudai abiria wa kando afunge mkanda. Abiria gani? Nilimpigia mwenye yadi. Akacheka. "Hizo za umeme ziko na sensa kali za kuhisi uzito kitini, Mama Keki. Wewe funga tu mkanda, itanyamaza." Nikafunga, likanyamaza. Basi ikawa mazoea yangu kila asubuhi: nafunga wangu, nafunga wa kiti kitupu, tunaondoka. Unaona nilivyosema? Tunaondoka. Hata wakati ule nilikuwa nasema hivyo bila kujua kwa nini.

Na siku moja nikifagia ndani, nikakuta punje za mahindi ya kuchoma zimekauka chini ya kiti, pamoja na udongo mwekundu. Nikajiuliza, ni Japani ipi hiyo wanakochoma mahindi? Nikazifagia, nikasahau.

Siku yenyewe nilikuwa napeleka keki Butali. Ilikuwa jioni, mvua imenyesha ikaacha, na barabara inafuka mvuke. Nilipofika pale msitu wa Malava unapoikumbatia barabara, miti ilikuwa inadondosha maji polepole, na mwanga ulikuwa wa dhahabu, ule mwanga unaokufanya uendeshe taratibu bila sababu. Nilijisikia vizuri, nikasema hivyo wazi, kwa sauti: "Leo pazuri." Na mtu akanijibu.

"Hapa ndipo napapendanga," akasema.

Nikageuka. Mwanamke wa umri kama wangu, amevaa sweta la kijani, mkanda umempita kifuani vile vile nilivyoufunga asubuhi. Niamini, sikushtuka. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo, kwamba sikushtuka. Ilikuwa kama kumkuta ndugu yako jikoni. Nilihisi tu huzuni nyingi na upole, na mikono yangu ikaendelea kushika usukani.

"Hapo umekaa ndiyo pangu," akasema, "lakini hapana shida. Wewe hupiga breki polepole."

"Unakwenda wapi, dada?" nikamuuliza. Ndiyo, nilimuuliza hivyo, kama mtu niliyempa lifti.

"Nyumbani. Mama ananingojanga. Nimezungushwa sana na hii gari. Wameninyoosha bodi, wamenipaka rangi, wameniuza, na hakuna mtu ameniuliza kwetu ni wapi." Akaniangalia. "Wewe unanifunganga mkanda kila asubuhi. Ni vizuri. Lakini mtu akifungwa atashuka saa ngapi?"

Nikasema nitampeleka. Ningesema nini kingine? Wakati huo nilikuwa nimejua, ndani kabisa, kwamba huyu asipofika kwao jioni ile hatafika tena, maana mimi kesho ningeogopa, na mtu akiogopa gari anafanya nini? Analiuza.

Tukapita Malava, tukapita Butali, harufu ya molasi kutoka kiwanda cha sukari ikaingia ndani na kutulia. Akaniambia nikate kulia, tukaingia kwenye barabara za miwa zilizochimbwa na matrekta. Aligeuka nyuma akanyoosha mkono, akaushikilia mnara wa keki yangu, na njia nzima keki haikutikisika. Miwa ilikuwa mirefu pande zote mbili, imelowa, inang'aa. Chaji haikupungua hata kidogo. Ningeweza kuendesha hivyo mpaka leo, na nakwambia, nusu yangu ilitaka iwe hivyo.

Tulisimama kwenye boma lenye ua wa mikaratusi. Mbwa alikuwa amelala getini, hakubweka. Mwanamke akauangalia mlango, akaniangalia. Machozi yalikuwa yamemjaa.

"Hawakuniita," akasema. "Siwezi kushuka nikiwa sijaitwa."

Nikashuka mimi. Mama mzee alikuwa ametoka na beseni la mahindi, akasimama palepale.

"Mulembe, mama," nikamsalimu.

Aliliangalia gari. "Rangi si hii," akasema. "Lakini ni gari moja tu ilikuwanga inafika hapa bila mimi kuisikia." Akaja akafungua mlango wa dereva, akainama kwenye bawaba, pale ambapo rangi nyeupe haikufika. Palikuwa na bluu. Akaweka kidole juu ya ile bluu, akakiacha hapo.

Nikamwambia kuhusu yule wa sweta la kijani, naye akanisimulia. Binti yake, Nafula, alikuwa anafanya kazi mjini, na kila mwisho wa wiki alikuja na mkate na mahindi ya kuchoma. Gari lilimshinda kwenye kona ya msitu, akafia pale. Mwili walipewa, wakauzika. Na kwao mtu aliyefia njiani lazima watu wake waende pale alipoangukia, wamwite kwa jina, wamwambie twende nyumbani, ili asibaki akihangaika.

"Tulienda na wazee na kuku," akasema. "Tukakuta gari imeshabebwa na watu wa kuuza vyuma. Nikasema si kitu, si damu ilimwagika hapa? Tukamwitia barabarani, tukarudi. Lakini hii nyumba haijawahi kutulia." Akakitazama kile kiti cha kando. "Kumbe hakuwa barabarani."

Akazunguka upande wa pili. Mimi nililia, sikufichi. Akasimama mbele ya kile kiti, ambacho kwa macho yangu sasa kilikuwa kitupu, akainama, akaufungua mkanda kwa mikono yake.

"Nafula! Omwana wanje, mwanangu! Shuka. Tumefika nyumbani."

Mbwa akaamka. Hakubweka, alitikisa mkia, akatangulia kuelekea mlango wa nyumba akigeuka nyuma kila mara, kama afanyavyo mbwa anapomtangulia mtu. Mama akamfuata bila kuniaga. Ndani nikasikia akisogeza kiti.

Keki niliifikisha. Haikuwa na ufa hata mmoja. Na tangu siku ile gari halijalia tena, ila nikibeba mtu wa kweli akajisahau.

Nilikwenda yadi. Nilitaka kumwambia yule mwimbaji wetu ukweli machoni, nikidhani labda naye alidanganywa huko alikonunua. Nikamkuta anaonyesha gari la umeme kwa vijana wawili, mke na mume, mke ana mimba kubwa. Rangi mpya, inanukia. Kijana akakaa kwenye usukani, akaliwasha. Ti, ti, ti. Na mwenzangu wa kwaya, huku akiendelea kuzungumza kuhusu Japani, akapenyeza mkono dirishani akaufunga mkanda wa kiti kitupu. Hakuuangalia hata. Mkono wake ulikuwa umezoea.

Niliwaambia wale vijana kila kitu pale pale, mbele yake. Kijana akacheka. Mke wake hakucheka. Aliondoa mkono wake juu ya mlango. Kama walinunua au la, sijui. Kwenye kwaya mtu huyo amehamia upande wa pili.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliyelipia gari juzi na bado unalifurahia. Likianza kulia likidai abiria afunge mkanda, na kando yako hakuna mtu, usimfunge. Zima gari, mgeukie, umuulize kwao ni wapi.