Dada Mwenye Kifua

Msusi alikuwa amebakiza mistari mitatu kichwani mwa mteja simu ilipolia. Aliibana kwa bega, vidole vikaendelea kusuka.

"Mdogo wangu, kaa chini," ilisema sauti ya jirani wa dada yake. "Fundi, dada yako, ametutoka alfajiri hii. Na kidonda kilikuwa kimeanza kufunga vizuri."

"Kidonda gani?"

"Njoo kwanza," alisema jirani. Jibu lile ndilo lililomwambia msusi kwamba yupo aliyejua, na si yeye.

Dada yake, fundi cherehani, alisifiwa kuwa ana kifua: siri ikiingia kwake imefika kaburini. Wiki tatu nyuma alisema, "Nakwenda kutibiwa kifua." Msusi akamnunulia dawa ya kikohozi, chupa mbili, akampelekea. Alimkuta akishusha sufuria kutoka rafu ya juu na kuzipanga mezani. Gauni zake zote alikuwa amezipasua mbele na kuzitia vifungo.

"Dada, huu mtindo mpya, au umepata mchumba asiye na subira?"

Fundi alicheka mpaka akashika ubavu. "Acha ukorofi. Nijazie maji kwenye hivyo vidumu vidogo, ndoo zimenishinda."

Akajaza vyote, porojo mdomoni. Baadaye kila alipopiga simu alijibiwa, "Usije, kifua hiki kinaambukiza."

Sasa aliingia chumba kile kile. Kitandani palikuwa na mito mitatu ya kuegemeza mkono. Dirishani, chupa mbili za dawa ya kikohozi, hata vizibo havijaguswa.

"Aliondolewa titi la kushoto," alisema jirani. "Aliambiwa mapema kwamba akishapasuliwa hataruhusiwa kunyanyua mkono, ndiyo maana alishusha vitu vyote. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Daktari anasema damu iliganda, ikapanda kwenye mapafu."

"Wewe? Mimi niliyenyonya naye ziwa moja nilikuwa wapi?"

"Nilimsihi akuambie. Akasema, 'Yule hana kifua. Nikimwambia asubuhi, adhuhuri saluni nzima inanipima kwa macho.'"

Maneno yalimchoma, hasa kwa sababu yalikuwa ya kweli. Uchumba wa fundi ulipovunjika, habari zilianzia kwenye kiti cha msusi. Lakini ile ilikuwa porojo. Huu ulikuwa uhai. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imeandaa nyumba ya mgonjwa, naye akicheka kama mjinga. Alipiga magoti kusali. Kila alipofika kwenye "utusamehe", ulimi ulikwama.

Kwenye chumba cha maiti waliulizwa nani atamvisha marehemu.

"Mimi," alisema msusi.

Ndipo alipouona ubavu ulioshonwa. Hakulia. Alimvika gauni la bluu, akafunga vifungo kimoja kimoja kutoka chini. Jirani alinyoosha mkono kumsaidia kola. Msusi akausogeza pembeni.

Makaburini wateja wake walimzunguka. "Pole, shoga. Kwani alikuwa anaumwa nini?"

"Kifua," alisema, na hakuongeza neno.

Jeneza liliteremshwa saa tisa. Wakaimba ubeti mmoja, mchungaji akaomba. Msusi alitupa udongo konzi moja, akasimama mpaka kaburi likajaa, kisha akaenda nyumbani peke yake.