Goti la Mama Xavery na Fomu ya Shangazi Kunigunda

Shangazi yangu Kunigunda Kinunda alizaliwa Maguu, juu milimani kwenye kahawa, lakini sehemu ya maisha yake anayopenda kuisimulia haikutokea Maguu. Ilitokea chini kabisa, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mwaka 1974 na 1975, alipokuwa muuguzi wa zahanati yenye vitanda vinne.

Alikuwa na miaka ishirini na sita. Huko alikopangiwa kazi hakuwa na ndugu hata mmoja. Wenyeji walisema Kinyasa, yeye Kimatengo; wakakutana kwenye Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yao aliyeinyonya kwa mama. Mkuu wake wa kazi, mganga msaidizi Bwana Mbaruku Sekiete, alikuwa mgeni kuliko yeye: Mzigua wa Handeni, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, aliyeswali nyuma ya stoo ya dawa na kurudi kwa wagonjwa bila kuchelewa hata dakika. Vijiji saba viliwategemea wao wawili na mhudumu mmoja wa kufagia.

Mwaka ule ndio watu walipohamishwa kutoka kwenye makazi yao ya mbalimbali na kuambiwa wajenge pamoja kandokando ya barabara. Flavia, mjane wa miaka kama hamsini ambaye wote walimwita Mama Xavery kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa akibomoa nyumba yake mwenyewe ili aokoe miti ya kujengea mpya. Mwamba wa paa ukateleza, ukamwangukia pajani, juu kidogo ya goti. Akapandishwa kwa lori hadi hospitali ya misheni milimani, mfupa ukaungwa, akakaa na plasta miezi mitatu. Mfupa ukashika vizuri. Goti ndilo lililogoma. Alirudi kwenye kijiji kipya akitembea kwa fimbo, mguu umenyooka kama mchi.

Siku aliyofika zahanati alitaka dawa ya maumivu tu. Shangazi akampa vidonge, kisha akamuuliza ni kitu gani kinachomsumbua kuliko vyote.

"Kulima si neno," alisema Mama Xavery. "Wanangu wanalima. Lakini Nesi, wewe hujui aibu ya kushikwa mikono na mkwe wako kila unapokwenda chooni. Mimi nataka kuchuchumaa. Basi."

Katika chuo chake cha uuguzi, shangazi alikuwa amefundishwa mazoezi ya viungo kwa siku mbili tu, na mtaalamu aliyepita njia. Alikumbuka kidogo, na hicho kidogo ndicho alichoanza nacho. Akaazima kipimapembe kwa Mwalimu Fulgence wa shule ya msingi, akafunga fito mbili za mwanzi, moja ya kulala pajani na moja ya kulala muundini, akapima. Goti lilikunjika digrii kumi na moja. Akafungua daftari, akaandika tarehe na hiyo kumi na moja.

Kila jioni baada ya kazi alikwenda kwa Mama Xavery na mafuta, akamkanda, akamkunja, akapima. Kumi na tatu. Kumi na nane. Ishirini na mbili. Na namba zilipokuwa zinapanda hivyo, pupa ikamwingia. Wiki ya nne akaegemeza uzito wake wote kwenye muundi wa mgonjwa, akasikia kitu kikialika ndani, na Mama Xavery akapiga ukelele uliowatoa majirani nje.

Goti likavimba, likawa la moto. Kwa siku kumi na sita yule mama hakukanyaga chini.

"Nilitaka kuomba uhamisho," shangazi huniambia. "Kweli kabisa. Nilikwisha tafuta karatasi."

Badala yake alikwenda pale nyumbani kila siku kumweka kitambaa cha maji baridi. Mkwe alimfungulia mlango bila salamu. Siku ya tatu shangazi akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, si mguu wako uliokataa. Ni mimi niliyeulazimisha. Nimekukosea, nisamehe."

Mama Xavery akajiinua kwa kiwiko. "Nikikusamehe, utaacha kuja?"

"Hapana, Mama."

"Basi kaa. Umepiga magoti ya kutosha."

Uvimbe ulipokwisha, shangazi aliogopa kuugusa ule mguu. Aliyempa njia ni mgonjwa mwenyewe. Asubuhi moja alimkuta ziwani na wanawake wanaofua, ameketi majini hadi kifuani, na mguu wake unapanda na kushuka chini ya maji kana kwamba si ule ule. "Humu hauna uzito," Mama Xavery alisema, akicheka. "Njoo uone."

Kuanzia siku hiyo wakafanyia mazoezi ziwani. Walichagua mahali penye mawe makubwa, mbali na mdomo wa mto, kwa ajili ya mamba, na asubuhi kabla zahanati haijafunguliwa walikuwa wote wawili majini, mmoja na kanga kifuani, mwingine na gauni la kazi limepandishwa na kufungwa kiunoni. Shangazi hakusukuma tena. Alishika tu, na kungoja mguu uende wenyewe. Namba zilianza upya kwenye kumi na tano. Thelathini. Arobaini na nne. Wiki mbili nzima arobaini na nne ile ile. Halafu sitini, tisini, mia na kumi. Mnamo Juni 1975 Mama Xavery alikwenda chooni peke yake, akafunga mlango, akakaa ndani kwa muda wa kutosha kumtia mtu hofu, na alipotoka mkwe wake alipiga vigelegele hapo hapo nje ya choo. Punde mgonjwa wa pili akaja ziwani, mzee mmoja wa kule juu aliyepooza mkono.

Mwezi huo huo ukaja waraka kutoka wilayani Mbinga. Chuo kimoja huko kaskazini kilitafuta wauguzi wenye cheti na miaka mitatu ya kazi, wakasomee stashahada ya tiba ya viungo. Nafasi zilikuwa kumi kwa nchi nzima. Mwombaji alitakiwa ajaze fomu, alete uthibitisho wa tarehe ya kuzaliwa, barua ya mkuu wake wa kazi, maelezo ya ukurasa mmoja kwa nini anataka kusoma, na kumbukumbu ya mgonjwa mmoja aliyemhudumia.

Shangazi alisoma waraka ule amesimama. Anasema hakujua mpaka siku ile kwamba kazi aliyokuwa akiifanya majini ina jina, na watu wanaifundisha.

Akampelekea Bwana Mbaruku ombi la barua. Naye akasema ataandika. Wiki ikapita. Wiki ya pili shangazi akamkumbusha, naye akasema wino umekwisha. Siku ya pili yake shangazi akamwona akiandika ripoti ya mwezi kwa wino huo huo.

"Bwana Mganga," alimwambia, "kama sistahili, niambie."

Bwana Mbaruku akaweka kalamu chini. "Nikikuandikia vizuri, watakuchukua. Nikikuandikia vibaya, nitakuwa nimesema uongo. Ndiyo maana sijaandika kitu." Akaonyesha dirishani, kule kulikokuwa na foleni ya akina mama na watoto. "Wewe ukiondoka, hawa ni wangu peke yangu."

Shangazi alijua ni kweli. Akatoka kwenda kuendelea na foleni.

Kesho yake asubuhi bahasha ilikuwa juu ya meza yake, imefungwa kwa gundi. Yaliyokuwamo hakuyajua.

Kwa ajili ya tarehe ya kuzaliwa alipanda lori la mihogo hadi Mbinga, akaendelea kwa miguu na kwa bahati hadi Maguu, kuchukua cheti cha ubatizo parokiani. Babu yangu Hilari alikuwa shambani akipogoa kahawa. Shangazi akamwamkia shikamoo, akamweleza habari ya chuo.

"Miaka mitatu mingine?" babu akauliza. "Kusomea kukanda watu? Marehemu bibi yako Valeria alikanda Maguu nzima kwa mafuta ya nyonyo, na hakujaza fomu kwa mtu."

"Bibi alikuwa na mikono, Baba. Mimi mikono yangu iliwahi kumwumiza mtu, na sikujua kwa nini. Nataka kujua kwa nini."

Babu akapogoa tawi, akapogoa lingine. "Ulimwumiza nani?"

Akamsimulia yote. Babu alisikiliza bila kumkatiza, kisha akasema maneno ambayo shangazi hakuyategemea: "Hayo umewaandikia?"

Hakuwa amewaandikia. Ukurasa wake wa kwanza ulisema anataka kulitumikia taifa na kupambana na ujinga, umaskini na maradhi. Aliporudi ziwani akamwonyesha Bwana Mbaruku, naye akausoma na kuurudisha.

"Huu hata mimi ningeuandika nimelala. Waandikie habari za yule mama."

"Na zile siku kumi na sita?"

"Hizo ziache. Wana nafasi kumi. Mtu anayeshindwa kuamua hutafuta sababu ya kumkata mwombaji, usimpe wewe." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amekwisha ona maombi mengi ya watu yakikatwa kwa sababu ndogo.

Shangazi alikaa na daftari lake siku mbili. Kati ya ishirini na mbili na kumi na tano palikuwa na ukurasa wenye tarehe tu, bila namba. Kuuchana ilikuwa rahisi, na daftari lingebaki zuri. Mwishowe alilinakili lote kama lilivyokuwa, na chini ya ukurasa ule mtupu akaandika: *Nilikunja kwa nguvu kabla ya wakati. Mgonjwa alipata uvimbe. Kosa ni langu.* Akaifunga bahasha na kumpa dereva wa lori la posta, na lori lilipokata kona akatamani kulikimbilia.

Oktoba akaitwa kwenye usaili Songea. Walikuwa waombaji kumi na wanne kutoka mikoa ya kusini, wengi wa hospitali kubwa, wenye viatu vya kung'aa. Nyuma ya meza walikaa watu watatu: wanaume wawili na mama mmoja wa makamo mwenye miwani, ambaye ndiye aliyeshika karatasi za shangazi.

"Ndugu Kunigunda," alianza mmoja wa wanaume, "lengo la tiba yako lilikuwa nini?"

"Mgonjwa aweze kwenda chooni peke yake."

Wanaume wakacheka. Yule mama hakucheka. Akafunua hadi ukurasa wenye tarehe tupu.

"Hapa ulimwumiza."

"Ndiyo."

"Ulijuaje kwamba kosa ni lako, si ugonjwa wenyewe?"

"Goti lilikuwa la moto. Jana yake lilikuwa baridi. Kati ya jana na leo kilichoongezeka ni mimi."

"Na ulipoanza tena, ulibadili nini?"

Shangazi akaeleza habari za ziwa: maji ya kifuani, kungoja badala ya kusukuma. Wakamuuliza kwa nini mguu huwa mwepesi majini. Hakuweza kueleza. Wakamuuliza habari za wenzo na mahali pa egemeo. Akasema fizikia hakusoma. Yule mama akaandika kitu kirefu, na shangazi akatoka akiwa na hakika kwamba ameshindwa. Alinunua mkate stendi, akashindwa kuula, akampa mwanamke aliyekaa naye garini.

Barua ilikuja wiki mbili kabla ya Krismasi. Amekubaliwa, kwa sharti: asome fizikia pamoja na wanafunzi wa darasa la awali miezi sita ya kwanza, na akishindwa mtihani arudi kituoni kwake. Akaisoma mara tatu, akakimbia nayo hadi kwa Mama Xavery, aliyekuwa akianika usipa, dagaa wa ziwani, juu ya uchanja.

"Wanakupeleka wapi?" Mama Xavery aliuliza, na alipotajiwa akageuza samaki mmoja mmoja. Halafu akasema, "Nani ataingia majini na yule mzee wa kule juu aliyepooza mkono?"

Ndilo swali lililomfuata shangazi safari nzima, kwa lori, kwa basi, na kwa basi jingine. Bwana Mbaruku alimsindikiza hadi barabarani akiwa na koti lake jeupe. Alimpa mkono, akamwambia, "Soma. Usituandikie habari za kutuhurumia," akarudi zahanati kwa hatua za haraka maana watu walikuwa wamekwisha jaa.

Muuguzi wa kuziba nafasi yake hakuletwa Januari, wala Machi, wala Juni. Shangazi alizijua habari hizo kwa barua za Mwalimu Fulgence, kwa sababu Bwana Mbaruku hakulalamika hata mara moja. Huko chuoni alikaa darasa moja na vijana aliowazidi miaka minane, akichora wenzo na mishale, akipata alama za chini na kurudia. Zilikuwepo siku alipoona amewatupa watu wa vijiji saba kwa ajili ya mishale ile. Siku aliyofika kwenye somo la vitu vinavyoelea, anasema, alinyanyua mkono akamwomba mwalimu aanze tena tangu mwanzo, polepole, na darasa zima likanung'unika.

Fizikia alifaulu, kwa alama mbili juu ya mstari.

Agosti Bwana Mbaruku akaandika mwenyewe, mistari minne: muuguzi mpya amefika, ni Mnyakyusa, anafanya kazi vizuri, yule mzee aliyepooza anakwenda ziwani na wanawe, yeye mwenyewe ameomba likizo, ya kwanza kwa miaka mitatu, na amepewa. Shangazi aliisoma barua mlangoni mwa darasa la anatomia, wenzake wakimpita kuingia. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaingia akakaa mbele.