Kokwa za Tende Chini ya Baraza

Saa nane mchana, tulipokuwa mezani tunakula, ndovu dume alipasua ukuta wa turubai wa chumba chetu, akaingiza kichwa, akavuta jirabu, kapu la tende lililokuwa chini ya kitanda cha shangazi yangu, akalila lote pamoja na ukili wake. Hakuna mtu aliyeumia. Kabla ya magharibi tuliambiwa kwamba ndovu yule huenda akauawa, na sababu ni zile tende.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Kazaliwa Unguja mjini, akaja Oman angali msichana, akaolewa Bidiya. Mpaka leo anakaa huko, pembeni mwa mashamba ya mitende, na mchanga wa jangwa unaanzia nyuma ya ukuta wake. Mimi nakaa Ibra, si mbali kwa gari. Wanawake wa mtaani hukusanyika kwake baada ya alasiri kunywa kahawa, na kwa kuwa yeye ni "yule wa Afrika", miaka yote humuuliza habari za ndovu. Unguja hakuna ndovu. Lakini shangazi si mtu wa kuwavunja moyo wageni wake. Akawaambia kwamba ndovu walikuwa wakipita dirishani kwao kila asubuhi, na kwamba mmoja alikuwa na adabu sana, akisimama mpaka watoto wavuke njia.

"Uongo umenizeekea, mwanangu," aliniambia siku moja. "Nataka nimwone japo mmoja kabla sijafa. Nikiulizwa kaburini niwe na la kusema."

Wanawe wakampa zawadi ya safari, nami nikaenda naye.

Hoteli yenyewe iko Zambia, ukingoni mwa mto mkubwa, katikati ya pori. Vyumba ni mahema, lakini mahema ya kitajiri: sakafu ya mbao, vitanda vyenye mashuka meupe yaliyonyooshwa, na bafu la kuogea lililoelekezwa mtoni, mtu ajioshe huku anawatazama viboko. Shangazi alicheka mpaka akakaa. Kwetu Bidiya watalii huja na magari makubwa ya jangwani kulala kwenye mahema mchangani, na yeye huwasikitikia, watu wenye nyumba zao.

"Leo na mimi ni Mjerumani," alisema.

Aliyetupokea alikuwa mwongoza wageni, mtu wa makamo, mwenyeji wa huko, ila mama yake ni wa Tunduma, mpakani na Tanzania. Kwa hiyo akatuamkia kwa Kiswahili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kiswahili chako mbona kimekauka hivi?"

"Kimepanda lori, bibi. Kimekula vumbi."

Wakapendana papo hapo. Shangazi alisimama ukingoni akautazama ule mto, maji mengi yanakwenda zake bila mtu kuyagawa. Kwetu maji ya falaji, ule mfereji wa mashambani, yana wenyewe, kila shamba na zamu yake, na watu wamewahi kununiana mwaka mzima kwa zamu iliyozidi kidogo.

"Leo zamu ya nani?" akauliza.

"Ya viboko," alijibu mwongoza wageni. "Na kesho pia."

Kisha akaacha mzaha. Chakula chochote, alisema, kisikae chumbani. Lipo ghala la chuma, kila chenye harufu kiwekwe humo, kwa sababu wanyama wana pua. Shangazi akakubali. Akatoa halua, akatoa mkate wa ufuta, akatoa chupa ya asali. Jirabu la tende, lile kapu la ukili lililoshindiliwa tende za shamba lake mwenyewe, halikutoka.

"Na tende?" nilimuuliza tulipokuwa peke yetu.

"Tende si kitu cha kufungiwa ghalani. Akija mtu nimkaribishe kwa nini, kwa taulo?"

Sikubishana naye. Tumelelewa kujua kwamba nyumba isiyo na tende, wenyewe wana njaa, na kwa shangazi chumba cha hoteli ni nyumba madhali amekitandikia mswala.

Kila alasiri alipanga sinia barazani: chupa ya kahawa, vikombe, sahani ya tende. Mwanamke wa kusafisha vyumba alikaribishwa. Mzee mmoja wa Kizungu wa hema la jirani alikaribishwa kwa ishara, akafundishwa kutikisa kikombe akitosheka. Mwongoza wageni naye alikuja, akaitazama sahani, akamtazama shangazi.

"Bibi, hizi zimetoka wapi?"

"Kwangu. Kula."

"Zikibaki zirudi ghalani."

"Hazibaki," alisema shangazi, na kweli alizimaliza kwa kuwashikilia watu wale. Kokwa alizikusanya kwenye kopo. Nilimwona na sikushangaa. Kwetu kokwa ya tende haitupwi, ni chakula cha mbuzi na ngamia. Siku ya pili nilimwona anashuka ngazi na lile kopo, akalimimina chini ya baraza.

"Kuna pongo wawili wanapita hapa," alisema. "Wamekonda, maskini."

Ulikuwa mwisho wa kiangazi, majani yamekwisha, hata miti ilionekana kukonda. Asubuhi yake kokwa hazikuwapo. Mahali pake vumbini palikuwa na alama moja ya mguu, ya mviringo, pana kama sinia letu la kahawa. Shangazi aliinama akaitazama muda mrefu.

"Kaja," alisema kwa sauti ndogo. "Kaja mwenyewe kwangu."

Nilidhani furaha yake imeishia hapo. Kumbe alasiri ile, nilipokuwa naswali, alimmwagia tende zenyewe.

Kesho yake mchana, tulipokuwa tunakula ukumbini, tulisikia sauti kama ya nguo nzito inayochanwa. Mwongoza wageni alikimbia, wenzake wakapiga masufuria. Tuliposimama tukamwona: mgongo wa kijivu mrefu kuliko paa la hema, na sikio la kushoto limechanika, linaning'inia vipande viwili. Ukili wa jirabu ulikuwa unatoka pembeni mwa mdomo wake. Alitafuna bila haraka, akageuka, akateremka mtoni. Shangazi alikuwa amenishika mkono kwa nguvu. "Subhanallah," alisema, basi. Ndovu wake wa kwanza.

Mwongoza wageni aliingia chini ya baraza, akatoka na kokwa mkononi.

"Nani kampa?"

"Mimi," alisema shangazi. "Nyumbani tunawapa mbuzi."

"Huyu si mbuzi, bibi."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitia hofu. Akatueleza. Ndovu akishajua kwamba ndani ya hema kuna kitu kitamu, hasahau. Atapasua la pili na la tatu, na siku moja ndani atakuwamo mtu. Kwenye kambi nyingine walikuwa naye wa namna hiyo, aliyezoea jiko. Walimfukuza, akarudi. Mwishowe askari wa wanyamapori wakampiga risasi.

"Nitozeni faini mimi," alisema shangazi.

"Faini haimtoi tende kichwani."

Asubuhi askari alikuja na bunduki begani. Akapima mpasuko kwa macho, akafuata nyayo, akarudi. Shangazi akamwomba mwongoza wageni amfasirie.

"Mwambie ndovu hana kosa. Kaalikwa. Aliyealikwa haulizwi kwa nini kaja."

Askari alisikiliza kwa heshima, kofia mkononi. Jibu lake likaja kwa Kiswahili cha lori: "Anasema, tatizo ni kwamba sasa atakwenda na kwa wasiomwalika."

Wakawasha pilipili na mavi makavu ya ndovu kuzunguka mahema, moshi wa kumchoma pua akikaribia. Tulikohoa mpaka gari la uwanja wa ndege lilipokuja. Shangazi alitaka tubaki mpaka ajue kama ndovu atapona. Ndege haingoji.

Bidiya, wanawake walikuwa wamejaa.

"Haya, umemwona ndovu?"

"Nimemwona."

"Yukoje?"

"Ana njaa," alisema, akawamiminia kahawa. Hadithi ya dirishani hakuirudia.

Mwongoza wageni ananiandikia kwenye simu. Mwanzoni zilikuwa habari njema: dume la sikio lililochanika limeonekana ng'ambo ya mto, halijarudi. Kisha mvua zikaanza, akaandika kwamba kwenye kambi moja, upande mto unakoteremkia, ndovu dume amevunja jiko mara mbili na askari wamempiga risasi. Nilimuuliza juu ya sikio. Akajibu kwamba hajamwona kwa macho yake, na waliomwona hawakuangalia sikio. Barabara ya huko imekatika kwa maji, atakwenda ikifunguka.

Shangazi hunipigia simu kila siku baada ya alasiri, kuuliza. Kokwa za tende zilizoliwa na kahawa siku hiyo ziko kwenye kopo jikoni kwake, na mbuzi hajawapa. Barabara haijafunguka.