Makochi ya Nyumba ya Mfano

Kampuni iliyojenga zile nyumba za bei nafuu iliwapenda sana watu wa kipato kidogo. Iliwapenda kiasi kwamba haikutaka wajue mapema jinsi sebule zao zilivyokuwa ndogo. Kwa upendo huohuo ikamtafuta Mama Sponji.

Mama Sponji alipewa jina hilo na barabara. Miaka mingi alikuwa amekaa mbele ya karakana ya kupanga, akichana makochi ya watu, akitoa sponji zilizolala na kuweka zilizoamka. Alikuwa na mikono mizito, sindano ndefu iliyopinda, na ulimi ambao haukuhitaji kunolewa. Msimamizi wa kampuni alimletea oda ya makochi ya nyumba ya mfano, ile ambayo wanunuzi hupitishwa ndani ili waonjeshwe maisha yao yajayo. Mama Sponji alipoona vipimo aliuliza kama wenye nyumba watakuwa watoto wa chekechea. Msimamizi akacheka kistaarabu, akasema ni mtindo wa kisasa. Kochi lilikuwa fupi mgongo, jembamba mikono, na kina chake kilitosha nusu ya paja. Likiwa peke yake barabarani lilionekana kochi kama kochi. Likiwekwa sebuleni, sebule iligeuka ukumbi. Mama Sponji alilishona vizuri, akalipwa, akanyamaza. Kunyamaza kwenyewe hakukuwa kwenye bei, na kitu ambacho hajalipwa Mama Sponji hukiweka akiba.

Naye alikuwa na haja yake. Ndoa yake yote ilikuwa imepitia vyumba vya watu. Mwenye nyumba wao wa mwisho alikuwa na macho ya tai: akiona pazia jipya dirishani, kodi inapanda, akisikia kitu kinakaangwa siku mbili mfululizo, kodi inapanda. Karakana nayo ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe naye alikuwa na macho. Mama Sponji alikuwa amechoka kuezeka mapaa ya wenzake.

Siku ya kuonyesha nyumba alimvalisha mumewe shati la shughuli, wakaenda. Mume huyo, karani wa ghala, ni mtu mpole anayeamini kila kilichochapwa kwa rangi. Alizunguka akifungua makabati na kugusa mabomba, akisema "safi sana" hata kwa swichi ya taa. Muuzaji mwenye tai alikuwa akiwaeleza wageni kwamba hapo familia itakaa kwa kujinafasi. Mama Sponji akajishusha kwenye kochi, magoti yakamfikia kifuani, akasema kwa sauti ya kufika mlango wa nyuma:

"Kochi hili nilipoletewa vipimo vyake nilidhani ni la wanasesere."

Muuzaji alimshika kiwiko kama mtu anayemvusha shangazi yake barabara, wakatokezea uani kwenye tangi la maji. Huko ndiko nyumba ilikonunuliwa. Mama Sponji hakutaka hata moja kati ya zile mpya. Alitaka hiyohiyo ya mfano, iliyochubuliwa kuta na mabega ya watu, ikakwaruzwa sakafu na visigino, na ambayo chooni, kabla maji hayajaunganishwa, baadhi ya wageni walikuwa wamejisahau. Alitaja kasoro mojamoja bila haraka. Kila walipopita wanunuzi wengine alinyamaza na kumtazama muuzaji, ili muuzaji aone ukimya una thamani gani. Bei ikashuka. Akasema jua ni kali, afadhali arudi ndani kukaa na wenzake. Bei ikashuka tena. Kampuni ikayachukua makochi yake madogo ikayatunze kwa ajili ya wapendwa wengine.

Benki ikalipa, na Mama Sponji akawa na mwenye nyumba mpya mwenye viyoyozi. Ofisa mikopo alimwonyesha urefu wa marejesho kwa tabasamu la mtu anayetoa zawadi. Mama Sponji hakuangalia tabasamu. Alihesabu umri wake siku ya malipo ya mwisho, akaona kwamba siku hiyo hataweza kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Mama yake mzazi alikuwa mshonaji pia, na macho yalimuaga akiwa bado ana nguvu za kubeba mtungi. Fundi wa makochi asiyeona ni mtu aliyekalia kochi tu, na benki haipokei kukaa. Kwa hiyo ilikuwa ama deni lizikwe kwanza, ama macho.

Wifi yake, dada wa mume, alinunua nyumba mstari wa mbele, karibu na geti, kwa bei ileile iliyoandikwa kwenye kipeperushi. Yeye ni mtu wa ofisini na huona kubishana bei ni tabia ya sokoni. Alipita kuwapongeza, akatazama kuta zilizochubuka, akamwambia kaka yake kwa huruma kwamba si vibaya kuanza na nyumba ya mtumba. Halafu akaenda dukani kukopa seti ya makochi inayojaza lori.

Lori lilifika. Kochi kubwa liliingizwa mlangoni kwa ubavu, kwa kichwa, kwa miguu, likaingia robo na kukwama, wapakuzi wakashauriana kama madaktari. Likarudishwa barazani, likafunikwa nailoni. Wifi akatangaza kwamba anasubiri kuvunja ukuta. Ukuta wenyewe, bahati mbaya, ulikuwa umeshikilia paa.

Hakuwa peke yake. Mtaa mzima ulikuwa umepima sebule kwa macho, na macho yalikuwa yamepimiwa na Mama Sponji. Wiki hiyo ya kuhamia, nusu ya baraza zilikuwa na makochi yaliyokataliwa na nyumba zao. Mama Sponji alipita na futi yake shingoni, akiwapa pole majirani. Akaeleza kwamba kochi linaweza kukatwa katikati, kutolewa kipande, kuungwa tena na kuvalishwa, asijue mtu. Watu wakamwona ametumwa na Mungu. Hakuwasahihisha.

Akaacha karakana ya barabarani, kazi akaihamishia uani, karibu na lile tangi la mazungumzo. Kodi iliyobaki mkononi, pamoja na malipo ya kukata makochi, vyote vikapelekwa benki. Kuta hazikupakwa rangi. Mume alipodokeza marumaru alijibiwa kwamba miguu yake haijawahi kulalamika. Vile vipande alivyovitoa katikati ya makochi ya watu alivikusanya chumba cha nyuma, cha bluu, cha maua, cha rangi ya kahawa. Familia yenyewe ilikaa kwenye sponji zilizolala.

Zaidi ya mwaka alipeleka cha ziada. Mwisho akaenda na mumewe kusikia deni limepungua kiasi gani. Ofisa mikopo alisimama kumpokea, akavuta viti, akasema wateja wa namna hiyo wangekuwa kumi angestaafu mapema.

"Hongera sana, mama. Umetangulia mbali. Ukitaka unaweza kupumzika usilipe hadi mwakani."

Mume alianza kutabasamu. Marumaru zilimpita usoni.

"Sikuja kupumzika," Mama Sponji akasema. "Deni limebaki ngapi?"

Deni, kumbe, lilikuwa linakwenda na ratiba yake. Ofisa alieleza kwa upole kwamba fedha zote za ziada zilihesabiwa kuwa marejesho ya miezi ijayo yaliyowahi kufika. Zilikuwa pembeni zikisubiri zamu yao. Riba iliendelea kukatwa juu ya deni zima kana kwamba hajaleta kitu. Anayetaka ziada yake ipunguze mkopo wenyewe ni lazima aseme hivyo, kila anapolipa.

"Mbona hukuniambia?"

"Mama, hukuuliza."

Ilikuwa kana kwamba Mama Sponji ameleta kitambaa kishonwe, na mtu amekikunja akakifungia kabatini, kisha akamsifu kwa kuleta kitambaa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kazi yenyewe aliijua. Yeye naye alimwambia nani vipimo vya kweli vya sebule? Si hakuna aliyemwuliza? Akamtazama ofisa kwa heshima kidogo, kwani fundi humjua fundi.

Heshima hiyo haikuzidi dakika. Akamwambia mumewe aende kazini, yeye akabaki kwenye benchi mbele ya mlango wa meneja, na kila mteja aliyekaa karibu alimwuliza kwa wema kama naye hulipa ziada, na kama amewahi kuuliza inakokwenda. Kabla ya chakula cha mchana meneja alikuwa ameamua fedha zote zilizosubiri zihamishiwe kwenye deni lenyewe. Riba iliyokwisha kuliwa haikutapikwa. Kuanzia hapo, kila alipofika dirishani alitangaza, "Hii ni ya kupunguza deni lenyewe," kwa sauti ya kuwafaa wa nyuma. Ikafika mahali mpokea fedha akimwona anainuka anaanza yeye kulitamka.

Mvua zikaja, zikaingia chini ya nailoni barazani kwa wifi. Kochi likaanza kunuka kama mbwa aliyeogeshwa kwa nguvu. Wifi alitanguliza kaka yake kusafisha njia, na karani wa ghala akasafisha jioni nzima: ni dada yangu, tulilala kitanda kimoja, watu watasemaje. Mama Sponji aliendelea kung'oa pini. Kesho yake wifi alikuja mwenyewe, akaketi juu ya sponji, akasifu chai, akafika kwenye kochi. Akatajiwa bei.

"Wifi, kweli unanitoza mimi?"

"Wifi yangu, kampuni uliilipa bei ya kwenye karatasi wala hukukohoa. Leo umefika kwa mtu wa nyumbani ndiyo umejua kuomba upunguziwe?"

Wifi alisema hakutegemea maneno hayo kwa mke wa kaka yake. Mama Sponji akamwambia basi akanunue nailoni nyingine, maana iliyopo imetoboka. Wakavutana mpaka chai ikapoa. Bei ilishuka kidogo kwa makubaliano kwamba kile kipande cha katikati, chenye ngozi nzuri kuliko vyote mtaani, kitabaki kwa fundi. Wifi alilipa kwa mafungu mawili na hakuzungumza na mtu kwa wiki tatu, jambo ambalo kaka yake alilihuzunikia na mke wake akaliona ni nyongeza.

Kwa vipande hivyo Mama Sponji akajishonea kochi. Mgongo ulikuwa wa jirani wa kushoto, viti vya jirani wa kulia, mikono ya ngozi ya wifi. Halikufanana na kitu chochote duniani, ila lilienea sebule kuanzia ukuta hadi ukuta, kwa vipimo vya kweli.

Deni likabaki la kuhesabika. Macho bado yalikuwa yanaona tundu la sindano, ingawa sasa sindano ilisogezwa mbali kidogo na pua, na uzi ulirudi mara mbili kabla ya kuingia. Mume aliliona hilo. Alianza tu kumtungia sindano asubuhi kabla ya kwenda kazini, akizichomeka mstari mmoja kwenye kijimto cha sindano.

Hapo ndipo msimamizi wa kampuni alipopiga hodi. Ng'ambo ya barabara walikuwa wanajenga awamu ya pili, na yale makochi madogo yamechakaa kwa kukaliwa na matumaini ya watu. Alitaka mapya. Akatoa vipimo, na Mama Sponji akavisoma akiwa ameviweka mbali na uso. Vilikuwa vifupi kuliko vya kwanza.

"Sebule zimepungua?"

"Gharama za ujenzi, mama, unazijua."

Akamtajia bei. Ilikuwa bei ya makochi makubwa, tena kwa fedha taslimu kabla ya kukata ubao. Msimamizi akashangaa kwamba kitu kidogo kinazidi kikubwa. Mama Sponji akamweleza kwamba safari hii kunyamaza kumo kwenye bei. Msimamizi alitazama lile kochi la rangi zote alilokuwa amelikalia, akatazama dirishani, ambako foleni ya wanunuzi ilikuwa tayari inazunguka ua wa ng'ambo. Akalipa.

Fedha hizo zilikwenda benki siku hiyohiyo. Mpokea fedha akatamka, "ya kupunguza deni lenyewe," kisha akatazama kioo chake na kusema hakuna tena deni la kupunguza. Ofisa mikopo alimpa mkono, akamwuliza kama hafikirii mkopo mwingine. Mama Sponji akauliza hati iko wapi.

Jioni mume aliishika hati kwa ncha za vidole kama mtoto mchanga wa mtu, akaisoma hadi muhuri. Kisha akaiweka mezani, akamwangalia mkewe akipanga mbao fupifupi uani.

"Na hao watakaohamia ng'ambo," akasema, "makochi yao yasipoingia je?"

Mama Sponji alichomoa sindano iliyokwisha kutungwa kwenye mto, akaitazama kwenye mwanga.

"Si nitakuwepo? Sihami tena mimi."