Ng'ombe wa Farao

Baba hakusoma, ila maneno ya Biblia aliyapenda kuliko sisi tuliosoma. Mwaka nilioanza kufundisha katekisimu kigangoni kwetu, nje kidogo ya Bariadi, alitaka nimsomee ile ndoto ya Farao, ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda.

Nilijiona mwalimu kwelikweli. Nikamfafanulia kwamba wale ng'ombe ni ishara tu: wanono ni miaka ya shibe, waliokonda ni miaka ya njaa, na Yusufu alishauri chakula kikusanywe mapema.

"Kikusanywe," baba alirudia.

Mimi na kiherehere changu nikaongeza, "Ndiyo, baba. Mwenye akili hukusanya."

Wiki ile ile akaanza kukusanya. Si mtama, ng'ombe! Kama wazee wengi wa Kisukuma, aliwafugisha ng'ombe wake kwa marafiki, wengine kijiji cha Kimali, wengine Shishiyu. Wenyeji walikunywa maziwa, naye alijua ugonjwa ukiingia boma moja, boma jingine litasalia. Sasa aliwarudisha wote nyumbani. Boma likajaa hadi mama akalalamikia inzi.

"Baba, ule ulikuwa mfano," nilimwambia.

Akacheka. "Ng'wanone, mwanangu, ng'ombe ni ng'ombe."

Ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi wapya wa pamba walikuja na malori yao, lakini dawa ya josho la kuogeshea ng'ombe iliyokuwa ikiletwa na serikali haikuja tena. Kila mfugaji ajinunulie, tuliambiwa. Josho likakauka, kupe wakazidi, na ndigana, homa iletwayo na kupe, ikaingia katika boma letu moja lililojaa. Alianza kufa ndama, kesho yake mama yake. Nilishika rozari, nikashika ndoo ya maji, sikujua nishike nini. Nilijichukia. Hakuna aliyenilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Akabaki jike mmoja, mbavu nje. Baba aliketi mlangoni mwa boma, akaniita nimsomee tena. Nilisoma. Nilipofika pale waliokonda walipokwisha kuwala wanono, na bado wakawa wamekonda vilevile, akanyoosha mkono niache kusoma.

"Halafu?"

"Halafu Farao akaamka, baba."

Alimtazama yule jike.

"Yeye Farao aliamka," akasema.