Jumapili Magari Yaliposimama Saa Nane

Katika miaka ya sabini, mafuta yalipopanda bei, serikali ilipiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Wakati huo nilikuwa nafundisha darasa la elimu ya watu wazima karibu na Irente. Mimi mwenyewe shule niliishia darasa la nne. Mengine niliyasoma magazetini, na habari za mafuta nilizikata nikazibandika kwenye daftari. Darasani nilieleza jambo hilo hatua kwa hatua: mafuta tunanunua kwa fedha za kigeni, fedha hizo tunazipata kwa mkonge, kahawa na chai, na sasa mkonge uleule ulikuwa unaleta mafuta machache zaidi. Wanafunzi wangu, wengi wao wakubwa kuliko mimi, walielewa. Nikawaambia hakuna sababu ya mtu mzima kutembeza gari saa zile isipokuwa ugonjwa au msiba.

Kisha nikaoa, siku ya Jumapili.

Ndoa ilifungwa Lukozi, kanisani kwao mke wangu, baada ya ibada ya asubuhi. Mjomba wangu alikuwa na pikapu. Nilipanga safari kwa makini: tukiondoka saa tano na nusu, saa saba na nusu tungekuwa Irente, nyumbani kwa mama. Jambo moja sikulipangia. Kwao, bibi harusi hatoki nyumbani haraka. Akiharakisha, watu watasema alikuwa amechoka kukaa kwa wazazi wake. Anapiga hatua mbili, anasimama, wanawake wanaimba mpaka waridhike, ndipo anapiga nyingine mbili. Kutoka mlangoni hadi kwenye gari palikuwa na hatua kama arobaini.

Nilimwendea shangazi yake, aliyekuwa akiongoza nyimbo.

"Shikamoo, shangazi. Saa nane magari yanasimama."

"Marahaba, mwanangu. Basi yasimame. Hapa tunatoa mtoto, hatutoi mzigo wa kabichi."

Tuliondoka saa sita na nusu, shangazi na wenzake wakiwa nyuma, sisi watatu mbele. Njia nzima mjomba alilalamika.

"Wenye visima vya mafuta wamepandisha bei, kampuni zimekula faida yao, serikali imetia kodi yake, na mimi niko mwisho wa foleni na dumu langu."

Nilimweleza kwamba kodi angalau inabaki nchini, lakini faida ya kampuni inavuka mpaka.

"Mpwa wangu," akasema, "leo umeoa. Mwangalie mkeo."

Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Saa nane ilitukuta Lushoto, pale sokoni. Ulibaki mlima wa kwenda Irente tu. Mjomba hakuzima injini.

"Dakika ishirini. Nani atatuona?"

Nilitazama nje. Wanafunzi wangu sita walikuwa wamesimama kando ya barabara, wamevaa nguo zao nzuri, wanakwenda kwetu harusini kwa miguu. Mzee mmoja wao alitazama jua, akaitazama pikapu.

"Mwalimu," akauliza, "harusi ni ugonjwa au msiba?"

Wenzake walicheka mpaka wakashikana. Nikisema twende, darasa langu limekwisha palepale. Nikisema tushuke, mke wangu atapanda mlima na viatu vipya siku ya harusi yake, mbele ya watu wa kwao.

Yeye ndiye aliyefungua mlango. Alivua viatu, akanikabidhi.

"Shika hivi," alisema. "Huu mlima ni mdogo kuliko wetu."

Aliyefurahi kuliko wote ni shangazi, kwa kuwa sasa alipata mlima mzima wa kuimbia. Mjomba aliiacha pikapu kwa rafiki yake, akabeba sanduku la bibi harusi begani. Aliyasema makampuni ya mafuta mpaka kona ya kwanza. Kona ya pili nilimsikia akiitikia nyimbo kwa sauti kubwa kuliko wanawake. Watu walitoka majumbani wakaungana nasi.

Mama alikuwa akisikiliza mlio wa gari. Aliposikia nyimbo hakungoja, alishuka na majirani kutulaki. Tulikutana njiani, kando ya mahindi ya watu, na shangazi akamkabidhi bibi harusi hapohapo. Mama aliitazama ile miguu iliyojaa vumbi jekundu. Akavua kanga yake moja, akapiga magoti, akaanza kuipangusa. Mke wangu alijaribu kumzuia. Mama akamwambia atulie, na wote wawili walikuwa wanacheka.